Hili Si Hass

Naona tangu juzi humu kwenye grupu mnaniwekea vikatuni vya parachichi kila ninapoandika kitu. Sawa. Shoga yangu ameshawasimulia, tena kwa sauti ya dakika sita, nusu yake kicheko. Kwenye simulizi lake mimi nilimmwagia mzee wa watu kachumbari. Uongo! Hapakuwa na kitunguu wala nyanya. Lilikuwa parachichi tupu, na lilikuwa kichwani mwangu kwa sababu za msingi kabisa.

Sababu yenyewe ni mzula, kofia ile ya baridi. Ninyi wa Dar mtacheka, lakini njooni Mbeya mwezi wa saba muone kama mtu analala kichwa wazi. Mimi nimeutinga mzula wa sufu tangu Mei, naenda nao sokoni, nalala nao. Na nywele zangu ni kipilipili kisicho na utani: ukiuvuta unywele unafika begani, ukiuachia unarudi sikioni kama springi. Kila pale unywele unapojikunja ndipo ulipo dhaifu, na mafuta ya ngozi ya kichwa hayawezi kuteremka kona zote hizo mpaka nchani. Ncha inabaki kavu, nami naisugua na sufu usiku kucha. Nilipokwenda kwa msusi wangu Mwanjelwa kulalamika kwamba nywele zinaisha, labda nina ugonjwa, akaugeuza ule mzula nje ndani, akatazama vipande vya nywele vilivyojaa humo kama zulia, akasema, "Dada, nywele zako haziumwi. Zina mzula."

Akanipa masharti. Nisiuvae tena mpaka niushonee kitambaa cha satini ndani. Nisichane nywele kavu, na nikichana nianzie nchani kupanda juu, kwa chanuo la meno mapana. Rasta za kubanwa mpaka nyusi zinapanda basi tena, maana zinang'oa nywele za pembeni. Halafu akasema mara mojamoja naweza kupaka parachichi na mafuta ya nazi, ila parachichi lisagwe kwa blenda, lichujwe kwa kitambaa, na nikimaliza nioshe kwa shampuu na maji ya vuguvugu.

Mimi hapo nilisikia "parachichi".

Jumamosi ndiyo siku niliyokuwa napelekwa Tukuyu kuonwa na ukoo wa mchumba wangu. Saa kumi alfajiri nimeamka. Blenda sina, nina uma. Parachichi nililonunua lilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga na gumu kidogo, nikalipondaponda mpaka mkono ukachoka, nikajiambia mabonge yatayeyukia hukohuko. Mafuta ya nazi yalikuwa jiwe ndani ya chupa. Mafuta hayo huganda yakiwa chini ya nyuzi 24 hivi, na nyuzi 24 mwezi wa saba sisi wa Mbeya tunazisikia kwenye taarifa ya habari, za mikoa mingine. Nikayayeyusha kwenye gesi. Yalipoyeyuka tu, gesi ikaisha.

Kwa hiyo nikaosha kwa maji ya bomba. Ya Mbeya. Saa kumi na moja alfajiri.

Mnaojua mambo mmeshaelewa. Mimi sikuelewa. Nilichoona kwenye kioo ni nywele zimetulia, zimelala, zinang'aa, hazirudi sikioni. Nikapiga picha! Kumbe nimejitengenezea mshumaa, na ndani ya mshumaa kuna mabonge ya parachichi yamehifadhiwa vizuri kama zabibu kwenye keki. (Msusi ameniambia baadaye kwamba mafuta ya nazi ndiyo hupenya kidogo ndani ya unywele, parachichi kazi yake zaidi ni kukaa juu. Langu lilikaa.) Nikazibana utosini fundo moja kama kitunguu, mzula nikauacha nyumbani kwa utiifu, nikamchukua shoga yangu Uyole anisindikize. Dirisha la kosta halikufunga. Kufika Isyonje, palivyo na baridi pale, kichwa kilikuwa kigumu kiasi kwamba ningeweza kuendea vitani.

Tukuyu tukapokewa vizuri mno. Baba mkubwa wa mchumba, ndiye mkubwa wa ukoo, akanisalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile, mwanangu," na mimi Mhehe wa Iringa nikiwa nimepiga magoti nikachanganyikiwa nikajibu kwa Kihehe, "Kamwene". Wakacheka, nikadhani aibu yangu ya siku imeshapita. Sebuleni katikati kuna jiko la mkaa, linawaka vizuri, mlango wazi lakini joto limejaa. Nikakaa karibu nalo kama paka.

Chakula kikaja. Shangazi akanipa jagi la maji moto na beseni, niwanawishe wazee. Taulo begani. Nikaanza na baba mkubwa, ndivyo ilivyo adabu. Nikainama.

Sasa ngojeni niwaambie taratibu, kwa sababu mimi mwenyewe nililiona taratibu.

Kwanza tone. Tone moja la mafuta, likadondoka puani kwangu, likatoka puani likaingia kwenye beseni, likatanda duara la dhahabu kama supu ya kuku. Baba mkubwa akaliangalia. Mimi nikaliangalia. Nikaendelea kumimina kana kwamba hilo ni sehemu ya huduma. Halafu nikahisi kitu kinatembea. Kimetoka utosini, kimefika kwenye paji la uso, kina ubaridi, kina uzito wake. Mkono wa kulia jagi, mkono wa kushoto beseni. Nikikunja uso kinasogea, nikiinua nyusi kinasogea. Nikajaribu kukipuliza kwa mdomo kwenda juu, fuu, fuu, na mzee akadhani namwambia maji ni ya moto, akaniambia kwa upole, "Hapana mwanangu, yako sawa." Kikafika kwenye unyusi wa kulia. Kikasimama hapo. Nilikiona kwa pembe ya jicho, kijani, kimetulia kama abiria anayesubiri kituo chake.

Kikashuka katikati ya viganja vya baba mkubwa.

Kimya. Jagi bado linamimina. Mzee akainua macho akatazama dari kwanza, na namshukuru Mungu kwa sekunde ile, maana nilipata matumaini ya panya. Dari haina kitu. Akakirudia kile kipande, akakibonyeza kwa dole gumba, akakinusa. Jamani, mimi sikuwa nimeambiwa na mtu yeyote kwamba huyu mzee ana ekari za maparachichi aina ya Hass, yale ya kuuza nje. Hakuna aliyenidokeza!

"Parachichi," akasema. Hakuuliza. Akalibonyeza tena. "Hili si Hass. Hili la kienyeji, lina maji mengi. Tena limechumwa halijakomaa, ndiyo maana haliwi laini, linabaki mabonge." Akanitazama kichwani kwa macho ya mtu anayekagua shamba. "Umelinunua wapi?"

Kabla sijajibu likaanguka la pili.

Hapo ndipo shoga yangu alipotoa ule mlio mliousikia kwenye simulizi lake, kama bajaji inayokataa kuwaka. Yaliyofuata siyakumbuki vizuri. Shangazi alinishika mkono akanipeleka uani, akaniosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni mara tatu huku akicheka mpaka anakaa chini. Mchumba hakutoka nje mpaka tulipoaga. Ndiyo, bado tunaoana, acheni kuuliza. Nywele zilizokatika pale uani sizihesabu.

Leo mchana dereva wa kosta ya Tukuyu amenipigia simu nikachukue mzigo wangu Uyole. Kiroba kizima, na kikaratasi chenye mwandiko wa mzee: "Mkwe, haya ndiyo Hass. Yaache siku tano yalainike kwanza. Blenda anakuletea shangazi."