Jose Diokno na ukoo uliojua kuacha kiti

Ufilipino ni nchi ambayo majina kwenye karatasi ya kura hayaishi kurudi. Marcos, Aquino, Macapagal, Osmeña, Duterte: baba ni gavana, mama ni meya, mtoto yuko bungeni, na muhula wa mmoja ukifika ukomo, ndugu yake humshikia kiti mpaka sheria imruhusu kugombea tena. Waliotunga katiba ya 1987 hawakuwa vipofu. Katika ibara ya pili, kifungu cha 26, waliandika kwamba dola itapiga marufuku koo za kisiasa kwa kadiri sheria itakavyozifafanua, na kazi ya kutunga sheria hiyo wakaliachia Bunge, ambalo halikukawia kujaa watoto, wake na wajomba wa koo hizo hizo. Fisi alikabidhiwa bucha. Zaidi ya miaka 30 ilipita bila ufafanuzi huo kupatikana, isipokuwa katika sheria ya 2016 inayohusu mabaraza ya vijana ya ngazi ya mtaa, mahali ambapo hakuna mkubwa aliyekuwa na cha kupoteza.

Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba kiti cha umma hakirithiwi, na kwa sababu hiyo huzisoma habari za koo hizi nikiwa nimekunja uso. Hata hivyo yupo seneta mmoja, mjukuu wa jenerali na mtoto wa seneta, ambaye kila nikirudia maisha yake hunilazimu niukunjue. Jina lake ni Jose Wright Diokno. Wafilipino humwita Ka Pepe, na hiyo "Ka" ni neno la heshima lililo karibu sana na "ndugu" ya siasa zetu za zamani. Koo za kisiasa huhesabiwa kwa viti zilivyovikalia. Huyu nadhani ahesabiwe kwa viti alivyoviacha, na kwa namna alivyoviacha.

Alizaliwa Manila Februari 26, 1922. Babu yake, Ananías Diokno wa Taal katika mkoa wa Batangas, alikuwa jenerali wa mapinduzi dhidi ya Wahispania, na mwaka 1898 aliongoza kikosi kilichovuka bahari kwenda visiwa vya Visayas. Baba yake, Ramón, alikuwa wakili na mwanasiasa, na kisa chake cha 1946 kinastahili kusimuliwa kwa kituo. Mwaka huo Marekani ilikuwa inaikabidhi Ufilipino uhuru, lakini ilitaka katiba ibadilishwe ili raia wa Marekani wapate haki sawa na wenyeji katika kuchimba madini, kuvuna misitu na kuendesha huduma za umma. Fedha za kuijenga upya nchi iliyobomolewa na vita zilifungamanishwa na sharti hilo. Badiliko lilihitaji robo tatu ya kura bungeni. Ramón Diokno alikuwa mmoja wa maseneta watatu waliochaguliwa kisha wakazuiwa kukalia viti vyao, kwa madai kwamba uchaguzi katika mikoa ya Luzon ya Kati uligubikwa na vurugu na vitisho. Katika baraza la wawakilishi nako walizuiwa wanane. Badiliko likapita. Shauri lilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1947, mahakama yenyewe ilikiri kwamba lau waliozuiwa wangehesabiwa, robo tatu isingetimia. Kisha ikasema jambo hilo ni la kisiasa na halimhusu hakimu.

Jose alikuwa na miaka 24 wakati baba yake alipozuiwa, wakili mpya katika ofisi ya baba huyo huyo. Kijana aliyemwona mzazi wake akifungiwa mlango wa Seneti kwa ajili ya hesabu ya kura ni vigumu kwake kukiona kiti kama samani ya nyumbani.

Akili aliyokuwa nayo ilikuwa ya kutisha. Alimaliza shahada ya biashara katika chuo cha De La Salle akiwa na miaka 17, akaongoza mtihani wa taifa wa wahasibu kabla hajafikisha umri unaotakiwa katika taaluma hiyo. Vita ilipokatiza masomo yake ya sheria, alijisomea katika maktaba ya baba yake, akapewa ruhusa maalumu ya kufanya mtihani wa mawakili bila shahada, na katika mtihani wa 1944 akafungana kileleni na Jovito Salonga, ambaye baadaye naye alikuwa seneta. Wote wawili walipata asilimia 95.3.

Rais Diosdado Macapagal alimteua kuwa Waziri wa Sheria mwanzoni mwa 1962. Macapagal alikuwa ameingia madarakani kwa ahadi ya kung'oa rushwa, na kosa la Diokno, kama ni kosa, ni kuyachukua maneno hayo kama yalivyo. Machi mwaka huo maofisa walivamia ofisi na nyumba za Harry Stonehill na wenzake. Stonehill alikuwa mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliyetajirika Manila kwa tumbaku na biashara nyingine nyingi, na miongoni mwa nyaraka zilizokamatwa kilikuwamo kile kilichokuja kuitwa kitabu cha buluu, chenye majina ya wakubwa waliodaiwa kufaidika na fedha zake. Kufikia Mei waziri alikuwa ametakiwa kuachia ngazi. Stonehill alifukuzwa nchini badala ya kushitakiwa, naye Diokno akauliza hadharani: waliohongwa watashitakiwaje iwapo aliyewahonga ameruhusiwa kwenda zake? Leo, kando ya Ghuba ya Manila, barabara kuu yenye jina la Diokno inakwenda sambamba na yenye jina la Macapagal. Aliyepanga majina hayo ama alikuwa mcheshi ama hakusoma historia.

Wampendao Diokno husimulia kisa hiki mpaka hapo, kisha hukiruka kilichofuata. Upekuzi ule ulifanywa kwa hati 42, na mwaka 1967, katika shauri linaloitwa Stonehill dhidi ya Diokno, Mahakama ya Juu ilisema hati hizo hazikutaja kosa mahususi, kwamba ziliruhusu kuzolewa karibu kila karatasi iliyohusu biashara, na kwamba vitu vilivyochukuliwa katika makazi ya watu haviwezi kutumika kama ushahidi dhidi yao. Hadi siku hiyo mahakama za nchi hiyo zilikuwa zikipokea ushahidi hata ukiwa umepatikana kwa njia haramu. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa sheria wa Ufilipino hujifunza kinga ya raia dhidi ya upekuzi holela kupitia shauri lenye jina la Diokno, na Diokno ndiye mshitakiwa aliyeshindwa. Sioni sababu ya kulifunika jambo hili. Alikosea kosa la watu wanaojua kwamba haki iko upande wao, la kudhani kwamba ubaya wa mtuhumiwa unafidia upungufu wa hati. Miaka mitano baada ya hukumu ile, wanajeshi walibisha hodi nyumbani kwake bila hati yoyote, nzuri wala mbaya.

Kabla ya hapo alikuwa ameingia Seneti mwaka 1963 na kurudishwa tena 1969, kwa tiketi ya chama cha Nacionalista, ambacho ndicho kilichompeleka Ferdinand Marcos ikulu. Kazi yake ya kutunga sheria ilikuwa ya maana, na sheria ya 1967 ya kuhamasisha uwekezaji, iliyoandikwa ili mtaji wa wenyeji upate nafasi, ni ya mkono wake. Lakini kusema kweli sidhani kama angekumbukwa hivi kwa sheria za uwekezaji. Agosti 21, 1971, mabomu ya kurusha kwa mkono yalilipuka katika mkutano wa hadhara wa chama cha upinzani uwanjani Plaza Miranda, watu tisa wakafa, na miongoni mwa waliojeruhiwa vibaya alikuwamo Salonga, yule mwenzake wa asilimia 95.3. Marcos alijibu kwa kusimamisha haki ya mtu aliyekamatwa kufikishwa mbele ya hakimu. Diokno akajitoa katika chama cha rais. Mwanasiasa anapokihama chama kinachotawala, wengi hutafuta alichoahidiwa kwingine. Yeye hakuwa na kwingine. Aliishia kuongoza mikutano ya raia waliotetea haki zao, ambayo ilimpa umati tu, bila cheo.

Usiku wa kuamkia Septemba 23, 1972, saa chache kabla nchi haijatangaziwa sheria ya kijeshi, alikamatwa. Machi 1973 yeye na seneta Benigno Aquino walifungwa vitambaa machoni, wakasafirishwa kwa helikopta mpaka kambi ya jeshi huko Laur, mkoani Nueva Ecija, na kila mmoja akawekwa peke yake katika chumba ambacho madirisha yake yamezibwa kwa mbao. Familia zao hazikuambiwa walikopelekwa. Hawakuweza kuonana wala kuzungumza, kwa hiyo waliimba: mmoja alianza wimbo wa kizalendo, na mwingine, kutoka nyuma ya ukuta wake, akaitikia kwa wimbo wake, ili kila mmoja ajue kwamba mwenzake hajafa. Walikaa hivyo siku 30. Mmoja ni mtoto wa spika wa zamani na mwingine ni mtoto wa seneta, na huko Laur jina la baba halikumfungulia yeyote kati yao hata dirisha.

Waliporudishwa Manila, Diokno alifanya jambo ambalo mimi huliweka juu ya yote. Mke wake alikuwa amefungua ombi Mahakama ya Juu la kutaka mumewe aachiliwe. Mwaka mzima na zaidi ukapita bila uamuzi, na katikati yake majaji wakala kiapo cha kuilinda katiba mpya ya 1973, ambayo Marcos alitangaza kwamba imekubaliwa na wananchi waliokusanywa kunyosha mikono. Desemba 1973, akiwa bado kizuizini, Diokno aliomba kuliondoa ombi lake mwenyewe, kwa maelezo kwamba hawezi tena kutarajia haki kwa majaji waliokula kiapo hicho. Mfungwa alikataa kuipa mahakama heshima ya kumkatalia. Majaji wenyewe waligawanyika kuhusu kama waruhusu ombi liondolewe. Aliachiliwa Septemba 11, 1974, siku ya kuzaliwa ya Marcos, baada ya siku 718 na bila kushitakiwa kwa lolote. Uamuzi wa mahakama ulitolewa Septemba 17, siku sita baada ya yeye kufika nyumbani.

Mwaka huo huo alianzisha kundi la mawakili wa msaada wa bure, maarufu kwa jina la FLAG, pamoja na mzee Lorenzo Tañada na Joker Arroyo, wakawatetea wafungwa wa kisiasa, wakulima na wafanyakazi ambao hawakuwa na cha kuwalipa. Seneti haikuwapo tena, kwa kuwa Marcos alikuwa amelifunga Bunge, na kwa maoni yangu miaka hiyo 12 bila kiti ndiyo sehemu kubwa zaidi ya maisha yake ya kisiasa.

Marcos alipoanguka Februari 1986, Rais Corazon Aquino, mjane wa yule aliyekuwa akiitikia nyimbo huko Laur, alimteua kuongoza kamati ya rais ya haki za binadamu na pia ujumbe wa serikali katika mazungumzo na waasi wa kikomunisti. Alikuwa tayari anaugua saratani ya mapafu. Januari 22, 1987, askari waliwafyatulia risasi wakulima waliokuwa wakiandamana kudai ardhi karibu na daraja la Mendiola, njiani kuelekea ikulu, wakaua wasiopungua 12. Serikali iliyofyatua risasi ilikuwa yake, na rais alikuwa rafiki. Angeweza kusema kwamba ni mgonjwa, au kwamba ni afadhali abaki ndani asaidie uchunguzi, hoja ambayo watu wenye vyeo huwa nayo mfukoni siku zote. Akajiuzulu nyadhifa zote mbili. Alifariki Februari 27, siku moja baada ya kutimiza miaka 65, wiki chache tu baada ya wananchi kuipigia kura katiba ile yenye kifungu cha 26.

Alikuwa na watoto kumi, na hapa swali la ukoo linarudi, tena haliepukiki. Waswahili husema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Binti yake Maris alikuwa mwanahistoria na mwenyekiti wa tume ya taifa ya historia. Novemba 2016 mwili wa Marcos ulipozikwa katika makaburi ya mashujaa, naye akaandika barua ya kujiuzulu. Mwanawe Chel alishika uwakili wa FLAG mpaka akauongoza. Aligombea Seneti mwaka 2019 akashindwa, akagombea tena 2022 akashindwa, katika uchaguzi ule ule uliomwingiza ikulu mtoto wa Marcos. Kama jina la Diokno ni urithi, soko lake lina uchumi wa ajabu.

Siwezi kudai kwamba jina halikumsaidia Chel popote; wangapi, baada ya kushindwa mara ya kwanza, wangepata gazeti la kuwasikiliza mara ya pili? Mwaka 2025 hatimaye aliingia bungeni, katika baraza la wawakilishi, kupitia orodha ya chama cha Akbayan, ambako mpiga kura huchagua chama na si mtu. Jina la Diokno halikuwamo katika karatasi ya kura.