Benki ikikataa dai lako la PPI: sahihi yako inathibitisha nini hasa?

Barua ya benki ya Uingereza inayokataa dai la PPI haina jeuri hata chembe. Ina adabu tele. Inakushukuru kwa kuandika, inakuhakikishia kwamba lalamiko lako limechunguzwa kwa makini, halafu aya ya tatu hivi ndipo inapofika penyewe: sahihi yako ipo, tiki yako ipo kwenye kisanduku, kwa hiyo ulijua bima ni ya hiari na hakuna cha kurudishiwa. Wengi waliishia hapo. Waliikunja, wakaitia kwenye droo.

Kwa asiyeijua, PPI ilikuwa bima iliyouzwa pamoja na mkopo au kadi, ikiahidi kulipa marejesho mteja akiugua, akiumia au akipoteza kazi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 60, nyingi kati ya 1990 na 2010. Waliojiajiri waliuziwa bima ambayo masharti yake yaliwabana pale pale walipoihitaji. Wengine waliambiwa waziwazi kwamba bila bima mkopo haupiti. Mlango wa kulalamika kwa benki ulifungwa tarehe 29 Agosti 2019, na fidia iliyolipwa imepita pauni bilioni 38.

Nianze na upande wa benki, maana si kila kukataliwa kulikuwa dhuluma. Kampuni za kudai fidia zilituma madai kwa mafungu, mengine ya watu ambao hawakuwahi kuwa na bima hiyo kabisa. Zilikata fungu nono la fidia mpaka Bunge likaweka ukomo wa asilimia 20, bila kodi, mwaka 2018, kwa kazi ambayo mteja angeweza kuifanya mwenyewe bila malipo. Isitoshe, mkopo wa miaka ishirini iliyopita unabishaniwaje? Makaratasi hayapo, aliyeuza ameshastaafu, na mteja anakumbuka maneno ya dirishani kwa namna inayomfaa leo.

Hata madai ya watu wakweli yaliweza kuwa dhaifu. Tuchukue muuguzi wa NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, aliyefanya kazi zaidi ya miaka mitano. Akiugua, analipwa mshahara kamili miezi sita na nusu mshahara miezi sita mingine. Anaandika: bima hii ilikuwa ya nini kwangu? Swali zuri, lakini benki ina jibu: bima ingelipa juu ya mshahara huo, na ingemkinga pia akipunguzwa kazini. Wasuluhishi wa malalamiko ya fedha wamelikubali jibu hilo mara nyingi. Hoja ya "sikuihitaji" peke yake haifiki mbali.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2015 mdhibiti wa fedha, FCA, aliipiga benki ya Lloyds faini ya pauni milioni 117 kwa namna ilivyoshughulikia malalamiko ya PPI kati ya Machi 2012 na Mei 2013. Katika kipindi hicho benki ilipitia malalamiko kuhusu bima zaidi ya milioni 2.3 na kukataa asilimia 37. Kiini cha kosa kilikuwa hiki: wachunguzi wa malalamiko walielekezwa kuanza na dhana kwamba utaratibu wa mauzo wa benki ulikuwa safi. Ukianza hapo, ushahidi wa mteja una kazi gani? Hiyo ndiyo kesi ya nyani kupelekewa ngedere, tena kwa maandishi.

Ndiyo sababu ile barua siisomi kama hukumu. Ni utetezi wa upande mmoja, na utaratibu wenyewe unaichukulia hivyo: benki ina wiki nane kutoa jibu la mwisho, kisha mteja ana miezi sita kulipeleka kwa Msuluhishi wa Huduma za Fedha bila kulipa senti. Mteja akiukubali uamuzi wake, benki inafungwa nao. Asipoukubali, mahakama iko wazi. Msuluhishi haulizi nani ana karatasi nyingi, anauliza lipi lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa ndilo lililotokea. Kwa hiyo anayeandika "niliuziwa vibaya" akanyamaza, amejinyima mwenyewe. Anayeandika kwamba siku hiyo alikuwa amejiajiri, kwamba fomu ilikuja ikiwa imeshajazwa, ameweka kitu mezani.

Lakini hoja iliyoutikisa mchezo wote haikuhusu tiki kabisa. Mwaka 2006 Susan Plevin, mjane wa miaka 59, mhadhiri wa chuo, alikopa pauni 34,000 kwa kampuni ya mikopo ya Paragon kupitia dalali. Bima iliongezwa juu: pauni 5,780, zikaingizwa ndani ya mkopo na kutozwa riba. Kati ya hizo, 1,870 zilikwenda kwa dalali, 2,280 zikabaki kwa mkopeshaji, na kampuni ya bima, Norwich Union, ikapata 1,630. Mkopo ulikuwa wa miaka kumi, bima ya mitano. Yaani asilimia 71.8 ya alicholipia bima haikuwa bima, ilikuwa kamisheni, na hakuna aliyemwambia kiasi hicho.

Novemba 2014 Mahakama ya Juu ilisema ukimya huo uliufanya uhusiano wake na mkopeshaji kuwa usio wa haki chini ya Sheria ya Mikopo ya Wateja ya 1974. Tena Paragon haikuwa imevunja kanuni za mdhibiti. Kanuni hazikudai kamisheni itajwe. Hapa mabenki yana lalamiko ambalo silipuuzi: mtu afuate kanuni za siku yake, kisha ahukumiwe kwa kipimo cha baadaye? Chama chao kilikwenda mahakamani na hoja ya aina hiyo dhidi ya mdhibiti mwaka 2011, kikashindwa. Mimi naona hoja ina uzito kwenye faini na adhabu, si kwenye kurudisha pesa ambazo mteja hakujua kama anazitoa.

FCA ilifuatisha hukumu ya Plevin na kipimo chake: kamisheni ikizidi nusu ya malipo ya bima bila mteja kuambiwa, kilichozidi nusu kirudishwe. Mahakama haikufungwa na nusu hiyo. Novemba 2023, katika kesi ya mkopeshaji Canada Square dhidi ya mteja wake, Potter, ambapo kamisheni ilipita asilimia 95, mkopeshaji alidai muda wa kushtaki umepita. Mahakama ya Juu ilijibu kwamba aliificha kamisheni kwa makusudi, na muda haumkimbii mtu aliyefichwa.

Swali hilo la kamisheni iliyofichwa limehamia kwenye mikopo ya magari. Tarehe 1 Agosti 2025 Mahakama ya Juu ilikataa sehemu kubwa ya hoja za wateja, ikamwachia ushindi mmoja tu kati ya watatu, Marcus Johnson: kamisheni kwenye mkopo wa gari lake ilikuwa asilimia 55 ya gharama yote ya mkopo. Naye alikuwa ametia sahihi nyaraka, ila hakuzisoma.