Tisa kwa kumi, kwa nani? Hukumu zangu za michezo ya video, kutoka Lubumbashi

Wahakiki wa michezo ya video tunaowasoma sana wanaandika wakiwa Paris, London au Los Angeles, na hilo si kosa lao. Kosa ni letu sisi wa huku, tunaozipokea alama zao kama matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Mchezo ukipewa 9 kwa 10, vijana wa komini za Katuba na Kenya, mitaa ya mji wetu, wanabishana juu yake hadi usiku, na hakuna hata mmoja aliyeugusa. Ile 9 imetolewa na mtu ambaye umeme kwake haukatiki, anayeshusha gigabaiti 100 huku akinywa kahawa, na ambaye nchi yake imo kwenye orodha pale anapofungua akaunti. Mwondolee hayo matatu, kisha muulize tena.

Mimi nahukumu nikiwa huku. Nacheza nyumbani, na mara nyingi zaidi kwenye chumba cha Play, yaani cha kucheza PlayStation kwa malipo, ambako unalipa kwa mechi, anayefungwa anaamka kumpisha mwingine, na maneti (kidhibiti cha kuchezea) moja kati ya nne ina kipande cha mpira wa baiskeli mahali pa ngozi ya kijiti iliyokwisha kulika. Anayeipata hiyo anaruhusiwa kuchagua timu kwanza. Ndiyo sheria.

Tuanze na mpira, maana chumba kisicho na mpira hakipati wateja. EA Sports FC 26, ya kampuni ya Electronic Arts (EA), ilitoka Septemba 2025. Ni ya tatu tangu EA na FIFA waachane, na kila mwaka tunaambiwa safari hii mambo yamebadilika. Safari hii kuna kitu kweli. Wameugawa mchezo mara mbili: namna ya kasi, Competitive, kwa wanaopambana mtandaoni, na namna ya taratibu, Authentic, kwa anayeendesha timu yake peke yake dhidi ya mashine. Hiyo ya pili ndiyo mpira mzuri kuliko wote waliotengeneza kwa miaka kadhaa. Kiungo anapata nafasi ya kuinua kichwa, na kipa akipangua shuti analisukuma pembeni, halitui tena miguuni pa mshambuliaji kama zawadi. Lakini nenda ukawawekee vijana chumbani hiyo namna ya taratibu uone! Mtu amelipa mechi moja, anataka magoli, na sifa za mbio zinashinda sifa zote nyingine. Siwalaumu.

Ugomvi wangu uko kwenye Ultimate Team, ile sehemu ya kununua pakiti za wachezaji bila kujua nani yumo. Nguvu zote za EA zimekwenda huko: kadi mpya, mashindano, mapambo. Bila intaneti haifunguki, na ukiwa na intaneti inakula pesa. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilisema pakiti za namna hiyo ni kamari, na kuanzia Januari 2019 EA ikaacha kuwauzia wachezaji wa Ubelgiji zile pointi za kununulia. Sasa, watu wengi hapa akaunti zao zimefunguliwa na binamu aliye Brussels au Liège. Maana yake ni kwamba sheria ya Ubelgiji ndiyo inayolinda mfuko wa kijana wa Lubumbashi. Sikujua kama ningeishi kuona siku ya kuwashukuru Wabelgiji kwa jambo lolote, lakini hili nawashukuru.

Jambo la pili ni TP Mazembe. Klabu iliyotwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika mara 5, na iliyokuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, mwaka 2010, dhidi ya Inter. Ndani ya FC 26 huioni. Kwa hiyo mtoto anachagua Real Madrid, anafunga kwa Mbappé, kisha anashuka chini na kurukaruka kwa makalio kwenye saruji kama Kidiaba, kipa wa Mazembe wa wakati ule, ilhali wakati Kidiaba anafanya hivyo kule Abu Dhabi mtoto huyu hajazaliwa. EA wana michoro ya kushangilia goli ya kila aina. Waje waone hii.

Hukumu: mpira mzuri, duka baya. Mwenye FC 25 asubiri bei ishuke.

eFootball ya Konami, mchezo mwingine wa mpira, sitaikalisha sana. Ilipotoka Septemba 2021 dunia nzima ilicheka sura za wachezaji wake. Tangu hapo wameitengeneza, na leo pasi zake zina uzito ambao EA hawajaupata. Ni ya bure na inakwenda hata kwenye simu. Ila kila kitu kinapitia kwenye seva, mega za intaneti zikiisha hata mechi ya kirafiki na mdogo wako ni taabu, nayo imejaa kadi vilevile.

Nilitaja orodha ya nchi. PlayStation Network (PSN), mtandao wa Sony wa akaunti za PlayStation, haiitambui Kongo. Ukifungua akaunti, Afrika Kusini utaiona, sisi hatumo, basi mbele ya mashine kila mtu hapa ni Mfaransa, Mbelgiji au mtu wa Johannesburg. Tumezoea, mpaka Helldivers 2 ilipotukumbusha. Mchezo wenyewe, wa Februari 2024, ni raha tupu. Wanajeshi wanne wanatumwa kwenye sayari kuua wadudu wakubwa kwa jina la demokrasia, na mchezo unaicheka hiyo demokrasia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Risasi yako inamuua mwenzako. Ukitaka msaada kutoka juu, lazima ubonyeze mishale kwa mpangilio fulani huku mdudu anakung'ata, ukikosea mshale mmoja unaanza upya, na ukipatia bomu linaweza kumwangukia rafiki yako. Sijacheka hivyo na maneti mkononi kwa muda mrefu.

Kisha Mei 2024 Sony wakatangaza kwamba hata anayecheza kwenye kompyuta lazima aunganishe akaunti ya PSN. Mchezo ukaondolewa kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, katika nchi 177 zisizo na PSN, karibu Afrika nzima ikiwemo. Wachezaji duniani wakachachamaa, na baada ya siku chache Sony wakarudi nyuma kuhusu sharti la akaunti. Walioshinda vita hiyo wengi walikuwa watu wa nchi zilizomo kwenye orodha, na kwa hilo nawapa heshima yao. Lakini tafuta kwenye zile alama za 8 na 9 mahali palipoandikwa kwamba mchezo unaweza kumfungia mlango mtu aliyekwisha kulipa. Hakuna. Mimi nakata alama mbili, na nazikata nikiupenda.

Halafu kuna suala la diski. Mji huu unaishi kwa diski. Unanunua, unamaliza, unabadilishana na mtu wa Ruashi, unaongeza faranga kidogo, na diski moja inaweza kuzunguka komini zote. Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 ni mchezo mzito na mtamu. Shujaa amepewa ngao, na kule kurudisha shambulio la adui kwa ngao, kwa wakati wake, kuna mlio unaousikia mpaka kwenye mifupa ya mkono. Lakini kwenye diski yake ya PS5 mna kama megabaiti 85 tu. Mchezo wenyewe, makumi ya gigabaiti, unapaswa kuushusha. Umenunua ganda. Mtu analeta ganda hilo nyumbani kwa furaha, anaiweka diski, na mashine inamwomba intaneti ya wiki nzima. Kwa mchezo wenyewe, naupa 8. Kwa anayeuliza kama anunue diski dukani mjini: hapana.

Sasa niseme habari njema. Clair Obscur: Expedition 33 imetengenezwa na Sandfall Interactive, studio changa ya Montpellier, ikatoka Aprili 2025, na Desemba mwaka huohuo ikachukua tuzo ya mchezo bora wa mwaka kwenye The Game Awards. Kwa mara moja nakubaliana na wenye alama. Kila mwaka kiumbe anayeitwa Mchoraji anaamka, anaandika namba kwenye mnara ng'ambo ya bahari, na kila mwenye umri huo anageuka vumbi na petali za maua. Namba inashuka. Mwaka huu imefika 33. Saa ya kwanza, watu wanapoagana bandarini wakijua nani anaondoka, ni mwanzo bora wa mchezo wa video niliouona tangu niache shule. Nauheshimu pia kwa jinsi unavyoendesha mambo: mapigano ni ya zamu kwa zamu, kama michezo ya zamani ya Kijapani, ila adui akipiga unapaswa kukwepa au kuzuia kwa wakati sahihi, kwa hiyo mkono haulali. Uweke kwa sauti za Kifaransa. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuna bahati hapo, Gustave na Maelle wanaongea kama watu.

Kasoro zake zipo na watu hawazisemi kwa sababu wamelia mwishoni. Ndani ya maeneo hakuna ramani, unazunguka mawe yaleyale kama mgeni sokoni Mzee Kabila. Na sehemu ya tatu mizani inavunjika kabisa: kikomo cha madhara cha 9999 kinaondolewa, na ukipita kidogo kwenye kazi za pembeni unarudi na nguvu za kumwangusha adui wa mwisho kabla hajamaliza hotuba. Niliua mtu niliyekuwa nimemwogopa kwa saa 30 bila kuona hata shambulio lake moja. Hadithi ile haikustahili mwisho huo. Bado ni 9.

Black Myth: Wukong ya Game Science, Wachina wa Hangzhou, iliuza nakala milioni 10 ndani ya siku tatu mwezi Agosti 2024. Inadai gigabaiti 130 kwenye kompyuta, na hapa inasafiri kwa diski ngumu kutoka mkono hadi mkono. Shujaa wake, nyani, ni Kalulu, sungura mjanja wa hadithi zetu, aliyejifunza kupigana: mwongo, mbishi, mwenye kujigeuza. Maadui wakubwa ni wengi ajabu na karibu wote wana kitu chao. Kinachonikera ni kuta zisizoonekana. Unaona njia, unaona daraja, unagonga hewa. Mchezo mzuri hivyo unamfanya mtu aonekane kipofu. Alama 7.

Hollow Knight: Silksong tuliingoja tangu 2019, ikaja Septemba 2025 kwa dola 20 na kuyaangusha maduka ya mtandaoni siku ileile. Watu watatu wanne wa Adelaide, Australia, wakawashinda wenye maofisi ya ghorofa. Ina karibu gigabaiti 8, inacheza kwenye PS4, na inaonekana kama imechorwa kwa mkono. Ila ni katili, na ukatili mwingine hauna maana: vitu vingi vinakunyang'anya nukta mbili za uhai kwa pigo, na baadhi ya mabenchi ya kupumzikia unayalipia. Hata kukaa! Waliwalegeza maadui wachache wa mwanzo baada ya malalamiko, na kundi la wenye kiburi likanung'unika. Mimi niseme tu kwamba ukifa au ukifungua mchezo upya unarudi kwenye benchi la mwisho ulilokalia, na mwenye kuishi na umeme wa kwetu anajua benchi lililo mbali lina maana gani. Nane, na matusi kadhaa.

Balatro ni karata, imetengenezwa na Mkanada mmoja anayejiita LocalThunk, haifiki gigabaiti moja, na iko kwenye simu tangu Septemba 2024. Unapanga mikono ya poka, lakini unanunua kadi za Joker zinazoharibu hesabu, jozi moja ya mbili inazaa mamilioni. Haina pesa ya kweli ndani yake wala haiombi intaneti. Umeme ukikatika haijali. Kwa vigezo vyangu vyote, hii ndiyo ya kwanza kwenye orodha, na anayeniuliza nini cha kununua kwa dola kumi namjibu kabla hajamaliza swali.

Nimeiacha Tales of Kenzera: Zau nyuma kwa sababu ndiyo inayonisumbua. Ilitoka Aprili 2024, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitengeneza akimwombolezea baba yake. Kijana Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo, ambaye wazee wetu wa Kiluba hawahitaji kutambulishwa kwake: nikuletee mizimu mitatu mikubwa, unirudishie baba. Mazungumzo ya hao wawili njiani yamenigusa. Kalunga anaongea kama mjomba aliyechoka na kelele za kijana lakini hamwachi. Kukutana na Impundulu, ndege wa radi, ni dakika tamu.

Mapigano sasa. Una kinyago cha jua kwa kupiga karibu na cha mwezi kwa kupiga mbali, na ukishawajua maadui wa saa mbili za kwanza umewajua karibu wote. Ramani imenyooka, sababu za kurudi nyuma ni chache. Niliambiwa na kijana mmoja chumbani, "Yaya (yaani mkubwa wangu), huu lazima uusifu, ni wetu." Ndiyo maana nauhukumu kwa meno yote. Sita. Sita ya mchezo wa dola 20 wenye moyo, naichukua kabla ya nane nyingi za dola 70. Studio yake Salim ilipunguza wafanyakazi miezi michache baadaye, na Julai 2025 ikatoa Dead Take, mchezo wa kutisha wa kompyuta unaohusu watu wa Hollywood, hauna Zau wala Kalunga. Nitauhukumu nikipata kompyuta inayouweza.