Wamefuta paa la bibi, wanasema wamesafisha picha

Kalenda ilinifikia wiki iliyopita, imeviringishwa ndani ya bomba la karatasi ngumu. Nilikuwa naisubiri kwa hamu kwa sababu picha ya Desemba ni yangu. Kampuni moja inayopandisha wageni mlimani iliiomba mwaka jana, tukakubaliana bei, wakalipa kwa wakati, na kwa hilo sina neno. Nikaitandaza mezani, nikabana pembe zake kwa vikombe, nikaanza kufunua mwezi hadi mwezi. Nilipofika Desemba nikadhani wamekosea, wameweka picha ya mtu mwingine.

Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni ile ile. Kawingu kadogo kaliko upande wa kushoto ni kale kale, nakajua. Lakini chini ya mlima hapakuwa na kitu. Paa la bibi halipo. Nguzo ya umeme haipo, wala nyaya zake tatu. Migomba imebaki upande mmoja, na palipokuwa na ukuta wa tofali wa jirani sasa pana kichaka cha kijani kilichorudiwa mara tatu, majani yale yale, kivuli kile kile. Kisha juu wameivika Kibo theluji hadi mabegani. Asubuhi niliyopiga picha ile theluji hiyo haikuwepo. Nilikuwepo mimi, na vidole viliniganda kwa baridi.

Nikapiga simu. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu sana. Akaniambia, "Dada, hatujaibadilisha. Tumeisafisha tu."

Siku nne sasa neno hilo halijanitoka. Kinachosafishwa ni uchafu. Nataka mtu anionyeshe uchafu ulikuwa wapi kwenye picha ile.

Niieleze basi, maana hamtaiona tena ilivyokuwa. Ni Kibosho, Desemba 2016, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ile nusu saa ambayo mlima unakuwa wazi kabla mawingu hayajapanda kutoka msituni. Kila aliyelelewa huku anaijua. Ukichelewa kwa kunywa chai, umeukosa hadi jioni. Mbele ya picha kuna paa la bati la jiko la bibi, bati lililopata kutu kwa mistari, na juu yake mawe mawili na tairi la baiskeli vya kulizuia lisipeperuke. Chini ya bati unatoka moshi mwembamba. Moshi ule ni wa moto aliouwasha bibi kwa mkono wake, anachemsha maji ya kuoga wajukuu walioingia usiku na basi kutoka Dar. Aliamka kabla yangu. Nilimsikia akiburuta kuni. Aprili iliyofuata tulimzika pale pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, nyuma ya jiko.

Moshi huo nao wameufuta. Wangeacha hata moshi.

Sikatai kwamba picha hutengenezwa. Mimi mwenyewe naongeza mwanga kwenye vivuli, nanyoosha upeo ukiwa umelala, na kama kuna vumbi kwenye lenzi naliondoa. Najua pia kwamba wageni hawalipi nauli ya ndege kuja kuangalia nguzo za umeme, na kwamba wapagazi wengi wa kwetu wanasomesha watoto kwa fedha za wageni hao. Sawa. Lakini kuongeza mwanga ni jambo moja, na kuondoa nyumba ya mtu ni jingine.

Wala si kampuni hii peke yake. Fungua picha za Kilimanjaro popote unapotaka: tembo, mgunga, nyika ya dhahabu, na mlima mweupe nyuma. Nyingi zimepigwa Amboseli, upande wa Kenya, na ni nzuri, na tembo wale ni wa kweli. Siwaonei wivu. Ila upande wetu wa kusini, ambako watu wamelima chini ya mlima huu kwa karne nyingi, ambako mifongo, mifereji yetu ya asili, ilichimbwa kwa mikono kuteremsha maji kutoka msituni hadi kwenye migomba, upande huu ukipigwa picha ni lazima watu waondolewe kwanza. Kana kwamba mlima unachafuliwa na waliozaliwa chini yake.

Marehemu baba mdogo alikuwa na studio ya picha mjini Moshi, chumba kimoja si mbali na sokoni. Ukutani alikuwa na pazia lililochorwa Kibo kwa rangi ya mafuta: buluu nyingi, kilele cheupe, ziwa chini yake. Kibo haina ziwa lolote chini yake kwa upande wetu, lakini mchoraji aliliona linafaa. Watu waliteremka kutoka Uru, Kibosho, Old Moshi, watu wanaoamka na mlima wenyewe mlangoni kila siku, wakaja kusimama mbele ya mlima wa kitambaa. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini hawapigiwi picha nyumbani. Akaniambia, "Mwanangu, nyumbani kuna ndoo na kamba ya nguo. Hapa wanataka kuonekana vizuri."

Nimeifikiria sana kauli hiyo wiki hii. Wale watu walichagua wenyewe. Walivaa suti ya kuazima, wakashika redio ya studio, wakajua kabisa kwamba pazia ni pazia, na aliyeletewa picha alijua hivyo hivyo. Bibi hakuulizwa. Na atakayeitundika kalenda hii sebuleni Moshi, Dar au Hamburg hatajua kwamba pale kwenye kichaka pana kaburi na jiko.

Sasa nije kwenye theluji, kwa sababu hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Watu wetu wengi wanachanganya theluji na barafu. Theluji huanguka na kuondoka. Mvua za Novemba zikikolea, unaamka unakuta Kibo imefunikwa yote, na makundi ya familia kwenye simu yanajaa picha na shangwe: imerudi! Siku tatu nne jua limeshaila. Barafu ni kitu kingine. Ni ule mwili wa zamani uliojengeka kwa maelfu ya miaka, kuta nene zinazosimama wima kule juu, na ikiondoka hairudishwi na mvua za msimu mmoja. Ramani ya mwaka 1912 ilionyesha kama kilomita za mraba 12 za barafu. Kufikia 2007 zilibaki chini ya 2, yaani asilimia kama 85 ilikuwa imeshaondoka. Mwaka 2022 UNESCO, ambayo imeuweka mlima huu kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1987, ilisema barafu za mwisho za Afrika, zikiwemo hizi zetu, zitakuwa zimekwisha kufikia 2050. Watoto wa kaka yangu watakuwa na umri nilio nao mimi leo.

Sababu si moja. Hewa ya huku ilianza kukauka tangu mwishoni mwa karne ya 19, theluji ikawa haiji ya kutosha, na barafu isiyoongezewa huliwa na jua taratibu, nyingine ikigeuka mvuke bila hata kuwa maji. Juu ya hapo likaja joto la dunia. Wanasayansi bado wanabishana ni lipi limechangia kiasi gani. Na kuna wanaodai barafu ikiisha mifongo itakauka. Hapo siwaungi mkono, kwa sababu maji yetu yanatoka kwenye msitu, kwenye mvua na ukungu unaonaswa na miti. Ndiyo maana usiku ule wa Oktoba 2020, mlima ulipowaka moto na mstari mwekundu ukaonekana hadi mjini, wazee walisimama nje wameshika viuno bila kusema neno. Tulikuwa tunaangalia tangi letu likiungua.

Lakini tumejuaje kwamba kilomita 12 zimekuwa chini ya 2? Tumejua kwa sababu kuna watu waliochora na kupiga picha walichokiona. Januari 1930 rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, alirusha ndege juu ya Kibo akaipiga picha kutoka angani. Picha zake zimehifadhiwa na maktaba ya chuo cha ETH cha Zurich, nazo ziko kwenye intaneti, yeyote anaweza kuziangalia. Hakuja kupima barafu. Alikuwa mtu wa ndege na safari. Leo ni ushahidi kwa sababu alituachia alichokikuta. Fikiria kama mtu wa maabara yake angeamua kuongeza weupe kidogo ili picha zipendeze.

Nyuma zaidi, mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo akaandika Ulaya, na wako wasomi waliomkatalia katakata: theluji karibu na Ikweta, haiwezekani. Hakuwa na kamera. Alikuwa na macho na kalamu, na ilichukua miaka akubaliwe. Leo tuna kamera kila mfukoni, na tunazitumia kuonyesha theluji ambayo haipo. Anayeangalia kalenda yangu ataona mlima mzima, mnene, usio na tatizo. Atauliza wasiwasi ni wa nini. Jina langu limeandikwa chini kwa herufi ndogo. Mimi ndiye niliyemdanganya.

Nieleze kwa nini nasimama pale ninaposimama kila Desemba. Mimi ni binti. Kihamba kwetu kimegawiwa watoto wa kiume, baba akapata kipande, baba mdogo kipande, na wana wao wakagawana vipande vya vipande. Sikupata hata mgomba mmoja, na sikugombana na mtu. Lakini kando ya mfongo, panapokutana njia ya kwenda kanisani na mpaka wa masale, mimea tunayoipanda kuonyesha mpaka, kuna jiwe bapa ambalo bibi alikuwa anakaa kupumzika na mzigo wa majani ya ng'ombe. Tangu 2009, kila ninapokwenda nyumbani Krismasi, nasimama juu ya jiwe hilo napiga picha moja kuelekea Kibo. Nimekosa mwaka mmoja tu, nilipojifungua. Sisogei kulia kukwepa nguzo. Sipandi kidogo ili paa lisionekane.

Ukizipanga picha hizo sakafuni, kama nilivyozipanga jana, unaona mambo ambayo hakuna mtu aliyetuambia yanatokea. Mibuni ipo 2009, imejaa chini ya migomba. Picha ya tatu imepungua. Ya sita haipo, pamepandwa mahindi na nyanya, kwa sababu kahawa ilishaacha kumlipa mkulima, na huu ndio mlima ambao wakulima wake waliunda chama cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, wakajenga shule kwa fedha ya buni. Masale yaliyokuwa mpaka yanakatwa, unaingia ukuta wa tofali. Mfongo una maji kwenye picha nne za mwanzo, yanang'aa kama kisu. Halafu ni tope. Halafu ni bomba la plastiki jeusi limelala ndani ya mtaro mkavu. Bati la jiko linaongezewa kutu, kisha 2017 hakuna moshi, na tangu hapo hakuna moshi kwenye picha yoyote. Na nyuma ya yote hayo, Kibo, na ule weupe wa kudumu upande huu wa kusini, mabaka ambayo mwaka hadi mwaka huyaoni yakipungua, lakini weka ya 2009 kando ya ya mwaka jana uone.

Ningesogea kila mwaka kutafuta pazuri, ningekuwa na picha nyingi nzuri na nisingekuwa na kitu.

Nimewaandikia kampuni kuomba waondoe jina langu kwenye kalenda. Wamesema nakala zimeshachapwa na nyingine zimeshasafirishwa. Nimewarudishia fedha jana mchana kwa simu. Wamepiga mara mbili kuuliza kama nimekosea namba.

Juzi amenipigia mtoto wa baba mdogo, ambaye kipande chake kiko mbele ya lile jiwe. Anajenga. Ghorofa moja, amemwaga zege la kitako tangu Julai na sasa kuta zimefika kwenye lenta. Ni haki yake, ana watoto wanne na kiwanja hakipanuki. Aliniambia kwa upole, kwa sababu anajua.

"Dada, Krismasi ukija mlima hutauona kutoka pale. Nimewaambia mafundi wakuachie ngazi, utapanda juu ya zege upige picha yako. Juu pale unaona Kibo yote, hakuna nyaya wala nini."

Nikamshukuru, na nilimaanisha. Nikamwambia nitapanda tukanywe mbege huko juu na watoto waone mlima. Lakini picha nitaipigia kwenye jiwe.

"Utapiga ukuta wangu?"

"Ndiyo. Usiupake rangi kabla sijafika."