Bolti za breki za diski: upake grisi au gundi?

Diski kwenye baiskeli nyingi inashikwa na bolti sita tu za M5, zile fupi zenye kichwa cha nyota T25, na ubishi wote uko hapo, kwamba kabla hujazikaza unapaka grisi au unatia gundi ya bolti, ile ya bluu ambayo wengi tunaijua kwa jina la Loctite. Wa grisi wanasema bila grisi bolti itagandia na kutu siku ya kufungua utalia. Wa gundi wanasema hiyo ni breki bwana, ikilegea unaanguka. Mi kwa diski niko upande wa gundi, kwa kalipa, yani kile kifaa chenye pedi zinazoibana diski, siko huko, na naomba hao wa grisi wasichukuliwe kama hawajui wanachosema maana hoja yao ina uzito.

Tuanze na kazi ya zile bolti. Kutoka katikati ya habu, yani kitovu cha gurudumu ambapo diski inafungwa, mpaka kwenye bolti ni milimita 22, kutoka katikati mpaka tairi linapogusa ardhi kwa ringi ya inchi 29 ni zaidi ya 350. Yani nguvu inayokusimamisha pale chini ikifika kwenye bolti imeshakuwa mara kumi na sita hivi. Sasa kinachozuia diski isicheze ni mbano, bolti ikikazwa inavutika kidogo sana na ule mvuto ndo unaibana diski kwenye habu, mbano ukipungua diski inaanza kusogea kwa pembeni kila ukishika breki, na mwaka 1969 mhandisi wa Ujerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba mtikisiko wa pembeni ndo unaofungua bolti haraka kuliko ule wa kuvuta juu chini. Breki inafanya hivohivo kila siku, inasukuma, inaachia, inasukuma. Ongeza barabara ya vumbi yenye mawimbi.

Hapo ndo grisi inaingia na hoja yake ya kwanza ambayo wengi hawaijui. Ukikaza bolti kavu, karibu asilimia 90 ya nguvu unayotumia inaliwa na msuguano, kwenye thredi na chini ya kichwa, kinachobaki kwa ajili ya mbano ni kidogo sana. Ukipaka grisi msuguano unashuka na kwa toki ileile, yani nguvu ileile ya kuzungusha spana, unapata mbano mkubwa zaidi, unaweza kufika theluthi moja ya ziada. Kwahiyo mtu wa grisi akikwambia bolti zake hazijawahi kulegea anaweza kuwa anasema kweli kabisa, zimebana kuliko zako.

Shida ni kwamba ile theluthi haikuwa kwenye hesabu ya kiwanda. Shimano, watengenezaji wa breki, wanasema bolti za diski zikazwe Newton mita 2 mpaka 4 (hicho ndo kipimo cha toki), wenzao SRAM wanasema 6.2, bolti saizi ileile! Kila mmoja kapiga hesabu kwa bolti yake jinsi inavyotoka kiwandani, na zinatoka zimeshapakwa gundi kavu kwenye thredi. Ukizifuta ukaweka grisi halafu ukakaza kwa namba ileile iliyoandikwa, au mbaya zaidi ukakaza kwa mkono tu ukisikilizia kama mafundi wetu wengi wanavyofanya, unavuta thredi za habu ambazo ni aluminiamu, na zikitoka hizo hutafuti bolti tena unatafuta habu, unafumua spoki zote unasuka ringi upya. Kwa mtu aliyenunua baiskeli ya mtumba na habu yake haipatikani madukani hiyo ni hasara kubwa sana.

Halafu kuna joto na mafuta. Diski ikipata moto, mfano unashuka kutoka Lushoto mpaka Mombo ambapo unapoteza karibu mita 1,000 huku umeshika breki, grisi inalainika na inatafuta pa kwenda, na hapo jirani ni diski. Pedi ikishanyonya mafuta inapiga kelele na haishiki, kuisafisha irudi kama mwanzo ni kazi ngumu, mara nyingi unanunua nyingine. Gundi ya wastani kama Loctite 243 inavumilia mpaka nyuzi 180 na ikishakauka haitiririki.

Ila tuwe wakweli kuhusu kutu, hasa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa, Unguja. Bolti ya chuma ndani ya aluminiamu pamoja na unyevu wa chumvi, aluminiamu inaliwa inatoa unga mweupe, bolti inang'ang'ania, kichwa cha T25 kinavurugika unabaki kutoboa na drili. Hii ndo hoja ya grisi ninayoiheshimu kuliko zote. Lakini gundi nayo inaziba! Ikikauka inajaza ile nafasi yote kati ya thredi na thredi, maji ya chumvi hayapiti. Bolti inayoganda vibaya ni ile iliyofungwa kavu kabisa bila kitu, na naona watu wanaitumia hiyo kama ushahidi wa kuikataa gundi wakati gundi haikuwepo.

Kwa kalipa mambo ni tofauti. Zile mbili za kushikilia kalipa unazifungua mara kwa mara, diski ikigusa pedi unalegeza, unasogeza, unakaza, sasa kila safari uanze kusugua gundi ya zamani na kupaka mpya halafu usubiri saa 24 ikauke vizuri? Kama zimekuja na gundi yake kavu iache ifanye kazi. Kama hazina, grisi nyembamba kwenye thredi inatosha, futa inayotoka nje, na usikaze mpaka kikomo cha juu, Shimano wanatoa 6 mpaka 8, mi ningebaki huku kwenye 6, kisha uwe unazikagua.

Ile diski ya sentaloki, inayofungwa na ringi moja kubwa, haimo kwenye ubishi huu, pale ni grisi kidogo na Newton mita 40.

Ukiamua gundi, thredi za pande zote mbili ziwe safi bila mafuta, tone moja linatosha. Haikaukii hewani kama rangi, inakauka ikikosa hewa huku imegusa chuma, na bolti ikiwa ya stenlesi inachelewa zaidi kwahiyo usipande siku hiyohiyo. Rangi ya kucha na ile tepu nyeupe ya fundi bomba siyo mbadala, tepu yenyewe inateleza. Na fundi akitoa ile gundi nyekundu, iliyo kali kuliko ya bluu, mwambie airudishe, ile mpaka uipashe kama nyuzi 250 ndo iachie, na moto huo pembeni ya beringi za habu hapana.