Jina la dawa kwa sauti ya kompyuta: turekebishe maandishi au matamshi?

"Amoxicillin 500 mg, 1x3, siku 5." Mwenye macho akiupata ujumbe huu kwenye simu anajua la kufanya. Rafiki yangu asiyeona alisomewa na sauti ya Kiswahili ya simu yake: jina la dawa likakatwakatwa, "mg" ikatoka kama mwanzo wa neno "mgeni", na ile 1x3 haikueleweka kabisa. Ikabidi anipigie, anisomee herufi moja moja. Maradhi yake nikayajua kwa njia hiyo, bila yeye kupenda.

Kiswahili ni rahisi kwa mashine. Tunatamka tulivyoandika, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha maneno machache kama barabara, ambayo mkazo ukihama maana nayo huhama. Shida huanza na x, na c isiyo na h.

Wapo wanaosema tuandike tu "amoksisilini". Wana hoja: inafanya kazi leo, kwenye simu yoyote, bila kumsubiri fundi. Lakini asiyeona hasikilizi tu. Anayesoma nukta nundu kwa vidole hupata herufi zilezile tulizoziandika, na mwanafunzi wa famasia atabeba tahajia hiyo hadi chumba cha mtihani. Tena neno lililopindwa liifae sauti moja huweza kuharibika kwenye sauti nyingine.

Njia ya pili ni kamusi ya matamshi: maandishi yanabaki yalivyo, mashine inaelekezwa pembeni. Shirika la viwango vya wavuti, W3C, lilitoa kanuni za SSML, alama zinazowekwa ndani ya maandishi kuielekeza sauti ya kompyuta namna ya kutamka, mwaka 2004, na za kamusi zenyewe mwaka 2008. Ila ujumbe wa kawaida wa simu haubebi alama hizo, na kamusi haijijazi. Halafu tujaze matamshi ya nani? Daktari hutamka Kiingereza. Dukani wengine husema "amoksilini". Mimi ningechagua yale ambayo mgonjwa atayasikia dirishani anapochukua dawa.

Sauti mpya zinazojifunza kutoka kwenye rekodi zinasifiwa kwa ulaini, nami nazipenda. Kwa dawa, hata hivyo, zinanitia hofu: sauti ya zamani ikikosea unasikia imekwama, hizi hukosea bila kusita.

Kwa hiyo majina nayapeleka kwenye kamusi. Kipimo ni jambo jingine, kwa kuwa hapo kosa linaweza kuua. "Miligramu 500, kapsuli moja mara tatu kwa siku" iandikwe kwa urefu wake, na hata bibi mwenye macho mazima ataelewa.

Kwenye kompyuta rafiki yangu anatumia NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, yenye kamusi ya matamshi ambayo mtumiaji huijaza mwenyewe. Ameshaiingizia dawa zake zote. BAKITA, wanaosanifu istilahi zetu, wakikaa na wafamasia wanaweza kuijaza orodha kama hiyo mara moja, ikatufaa sote.