Ruzuku ya 5G Italia na minara ya kata zetu

Jamaa nyumbani Tanzania hutuuliza sisi tunaoishi Italia kwa nini Ulaya, pamoja na utajiri wake wote, serikali inazilipa kampuni za simu zijenge 5G, kizazi cha tano cha mtandao wa simu. Sababu ni ile ile ya Kilindi na Mpanda: wateja wachache, mnara ghali, na kampuni haiendi mahali ambapo pesa yake haitarudi. Tofauti iko kwenye kitu ambacho pesa ya umma inanunua. Hapo naona tuna la kujifunza, ingawa mengine ya huku heri tuyaache huku huku.

Mwaka 2022 Italia ilichukua fedha za mpango wa Ulaya wa kufufua uchumi baada ya Uviko-19 ikazigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la kupeleka faiba, yaani nyaya za kioo zinazobeba data kwa mwanga, kwenye minara iliyokwisha kusimama, zaidi ya 10,000, bila kujenga mnara mpya hata mmoja. Kampuni ya simu ya TIM ilishinda kwa takriban euro milioni 725. Fungu la pili ndilo la minara mipya, kwenye maeneo ambayo hayakuwa na mtandao wa kufikisha Mbps 30 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi ya data) na ambako hakuna kampuni iliyopanga kuupeleka hadi 2026. Serikali inabeba hadi asilimia 90 ya gharama. Mshindi naye lazima afikishe angalau Mbps 150 za kupakua na 30 za kupakia, na awaruhusu washindani wake watumie miundombinu hiyo.

Kuanza na faiba ndio uamuzi ninaoupenda kuliko yote. Data ya mteja ikifika mnarani bado ina safari ya kwenda kwenye mtambo mkuu, na vijijini kwetu safari hiyo hupita kwenye maikrowevu, yale madishi ya duara yanayotazamana kutoka kilima hadi kilima. Kiungo chenye chaneli (njia ya redio) ya upana wa MHz 28 hubeba kama Mbps 180 hali ya hewa ikiwa nzuri. Mvua kubwa ikishuka, hasa kwenye masafa ya juu ya redio, GHz 18 na 23, redio hujipunguzia kasi yenyewe ili isikatike kabisa. Tena minara huunganishwa kwa mnyororo, wa mwisho ukipitishia data yake kwa uliotangulia. Minara mitano ikigawana kiungo kimoja cha Mbps 180, kila mmoja unabaki na 36 kwa kata nzima. Hapo ukifunga 5G ya bendi ya GHz 3.5 yenye chaneli ya upana wa MHz 100, ambayo sekta moja, yaani upande mmoja wa mnara, inaweza kuzidi Gbps 1 (Mbps 1,000), simu itaonyesha alama ya 5G na video bado itaganda.

Tanzania tumefanya kazi kubwa. Mei 2023, Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba ya minara 758 katika kata 713, kwa ruzuku ya shilingi bilioni 126. Ni wastani wa milioni 166 kwa mnara, na kiasi kingine kikubwa kinatoka mifukoni mwa kampuni zenyewe. Mgawanyo huo nauona bora kuliko ule wa Italia, maana anayeweka chake hukilinda.

Isitoshe, asilimia 90 haikuwanunulia Waitalia haraka. Zabuni ya kwanza ya minara mipya haikupata mwombaji hata mmoja. Muda wa kumaliza ulikuwa mfupi, Juni 2026, na kibali cha mnara hukwama halmashauri au kwa wasimamizi wa majengo ya kale. Kikomo cha nguvu ya mionzi ya redio kutoka minarani nacho kilikuwa volti 6 kwa mita, hadi kilipopandishwa kuwa 15 mwaka 2024. Ilibidi wapunguze maeneo na kutangaza upya, ndipo kampuni ya minara ya INWIT, pamoja na TIM na Vodafone za simu, wakachukua kazi kwa pamoja kwa takriban euro milioni 346. Ujerumani mambo yalikuwa magumu zaidi: mwaka 2021 iliunda kampuni ya serikali yenye bajeti ya euro bilioni 1.1, ikilenga hadi minara 5,000, na iliyosimama ni sehemu ndogo sana ya lengo hilo.

Ufaransa ilipita njia nyingine. Mwaka 2018 iliacha kuuza upya masafa kwa mnada, na badala ya fedha ikazibana kampuni, kila moja ihudumie hadi maeneo mapya 5,000. Sisi Oktoba 2022 tuliuza masafa kwa mnada kwa dola milioni 187. Ningependa kampuni zingelipa sehemu ya fedha hizo kwa kujenga kilomita za faiba.

Na njia ya faiba hiyo ipo: nguzo za umeme za REA, Wakala wa Nishati Vijijini, zimefika vijijini. Waya wa faiba unaojibeba wenyewe, usio na chuma ndani, hufungwa kwenye nguzo za umeme wa kV 33 (volti 33,000) chini ya nyaya za umeme, bila kuchimba mtaro. Maadui wake ni moto wa mashambani, mchwa kwenye nguzo za mti, na malori marefu pale waya unapolegea. Kwa hiyo mkataba utaje urefu wa waya juu ya barabara, akiba ya waya iliyozungushwa kwenye nguzo kwa ajili ya kuunganisha pakikatika, na saa ambazo fundi anatakiwa awe amefika.

Umeme wa REA nao hukatika, hivyo mnara bado unahitaji sola na betri za lithiamu ndani ya kabati la kufungwa kwa chuma, kwani betri huibwa. Na ruzuku isimalizwe kulipwa siku ya kuzindua. Fungu la mwisho libaki hadi kasi ipimwe kijijini kati ya saa moja na saa nne usiku, kwenye zahanati na shuleni badala ya chini ya mnara, na matokeo yabandikwe ofisi ya kata.